Kujifunza kuanika dagaa kwa kutazama: niliyoyaona na yaliyonipita

Nenda kwenye mwalo wowote wa dagaa hapa Mwanza, yaani ufukwe mitumbwi inaposhushia, useme unataka kujifunza kazi. Jibu utakalopewa ni moja: "Njoo uone." Hakuna atakayekukalisha akueleze hatua ya kwanza na ya pili. Wala usidhani wanakunyima. Kazi hiyo kwao haijawahi kuwa maneno. Waliiona kwa mama zao na shangazi zao, wakaishika, na wewe ukiitaka utaiona hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi, mpaka mshahara ulipoanza kuja nusu, kisha robo, kisha ahadi. Niliondoka na laki nne na themanini niliyokuwa nimeiweka kwenye kikundi chetu cha kukopeshana, na mtoto wa darasa la pili wa kulisha. Naandika kwa sababu napigiwa simu mara kwa mara na walimu wenzangu na vijana waliomaliza vyuo, wote wakiuliza dagaa wanalipa vipi. Wanalipa. Lakini hakuna anayeuliza kazi yenyewe ataijuaje, na mtaji wa wengi unapotelea hapo.

Kwa asiyeijua, kazi iko hivi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, siku ambazo mwezi hauangazi. Huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wakavutwa kwa nyavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Alfajiri mitumbwi inarudi, ndoo zinashushwa, bei inapigwa palepale ufukweni, na kuanzia hapo unakimbizana na jua. Dagaa mbichi akicheleweshwa kwenye ndoo, tumbo linapasuka na harufu inabadilika. Wengi bado wanaanika juu ya mchanga au miamba. Mchanga haukodishwi, ila dagaa wake hubeba chembe za mchanga na mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku. Dagaa wa kichanja, yaani aliyetandazwa juu ya wavu uliowambwa kwenye miti usawa wa kiuno, hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, na ndiye anayeliwa na watu.

Nilikwenda mwalo mmoja upande wa Ilemela, njia ya kuelekea Igombe. Pale alikuwepo mama mmoja wa makamo ya mwisho, Msukuma, ambaye wote tulimwita Mayu, yaani mama. Alikuwa na vichanja vingi kuliko yeyote, na watu walisema dagaa wake huulizwa mpaka Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki la jijini. Nikaamua nitamtazama yeye.

Nilianza kwa kusimama. Nilisimama pembeni na daftari, kama mkaguzi. Hakuna aliyenifukuza, lakini kila nilipokaa niliona migongo tu. Walidhani nimetumwa na halmashauri, au ni mtu wa utafiti ambaye angeuliza maswali na kuondoka. Mwisho mkwe wa Mayu akanisukumia beseni mikononi: "Ticha, shika hili, unatuzibia njia." Kutwa ile nilichambua dagaa wakavu kivulini, nikitoa vipande vya majani, furu wadogo walioingia wavuni na dagaa waliovunjika vichwa. Sikuona nikijifunza chochote.

Nilikuwa najifunza jambo kubwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, aliwafuatilia mafundi cherehani wa jamii za Vai na Gola huko Liberia. Aliona kwamba mwanafunzi mpya hakuanza na kukata kitambaa. Alianza mwisho wa kazi: kushona vifungo, kupinda chini, kupiga pasi. Kukata kulikuja mwishoni kabisa. Kwa njia hiyo, kabla hajashika mkasi, alishazishika nguo nyingi zilizokamilika na akajua iliyo nzuri inakaaje. Kuchambua kulinifanyia hivyo hivyo. Nilipoanza kuanika, vidole vyangu vilishamjua dagaa aliyeiva kwa jua: anavunjika kwa mlio, hapindi, ngozi yake bado inang'aa fedha. Aliyekauka nje tu ukimbana mgongoni unasikia ulaini. Kwa hiyo ukipewa kazi ya mwisho, ile ya kuchosha isiyo na sifa, ipokee. Na uende na beseni lako. Mtu asiye na chombo mwaloni ni mtazamaji, na mtazamaji hupitwa pembeni.

Jingine nililoligundua kwa kuchelewa: ukimwomba fundi akuonyeshe, anakuonyesha kitu kingine. Nilimwomba Mayu anionyeshe kutandaza. Alisimama wima, akachota dagaa, akawamwaga kwa mkono mpana na wa taratibu, kama mtu anayecheza ngoma mbele ya wageni. Nikaiga. Dagaa wangu wakaanguka mafungumafungu, na palipo na fungu pakabaki pabichi hadi jioni. Kesho yake nikiwa nabeba ndoo nilimtazama akiwa na haraka, mitumbwi imeleta dagaa wengi na jua limeshapanda. Hakusimama wima hata kidogo. Aliinama, viganja karibu viguse wavu, akawa anatikisa vidole huku anarudi nyuma, dagaa wanashuka mmojammoja. Mikono yake ilikuwa inafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakujua kulisimulia.

Tangu hapo niliacha kuomba nionyeshwe. Nilitafuta kazi inayoniweka karibu naye saa ya haraka. Na nilijifunza kusimama ubavuni pake, nikitazama anakotazama. Ukimkabili mtu uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako, na akili inatumia nguvu kugeuza picha badala ya kushika mwendo.

Chuoni tulikariri nadharia ya Albert Bandura kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1961, kule Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Watoto walioona hayo, walipoachwa na mwanasesere, wengi walirudia vipigo na hata maneno yaleyale, bila mtu kuwaambia. Baadaye akaeleza kwamba kujifunza kwa kutazama kunahitaji mambo manne: kuwa makini, kuweka kumbukumbu, kuweza kulitenda, na kuwa na sababu ya kulitenda. Nimeyaandika hayo ubaoni mara nyingi. Mwaloni ndipo nilipojua kwamba la pili linaweza kukutoa jasho. Asubuhi naona kila kitu, naapa nimeelewa. Nikifika nyumbani jioni nimebaki na picha ya Mayu ameinama, basi. Vidole vilianza wapi? Alichota kiasi gani?

Dawa niliyoipata ni ya aibu kidogo. Nilinunua pumba za mpunga, nikatandika kitenge uani Kitangiri, nikawa natandaza pumba kila jioni kabla sijaoga. Wapangaji wenzangu walinicheka, mwanangu akawaambia mama anapanda mchele. Ila jioni ileile ndiyo yenye faida. Ukiacha mpaka wikiendi unakuwa unaigiza unachokumbuka, na unachokumbuka kimeshachanganyika na unachodhani. Kisha rudi ufanye mbele ya anayejua, akutazame wewe. Mayu hakuwahi kunikosoa kwa sentensi nzima. Alikuwa anaguna, "Mh," au anasonya. Nilijifunza kutofautisha miguno yake kama nilivyowahi kujifunza herufi.

Sasa, uige kipi na uache kipi? Watu wengi wenye shule wananikosoa hapa. Mayu alikuwa na tabia ya kugonga kila mguu wa kichanja kwa kijiti kabla hajatandaza. Tok, tok, anahamia wa pili. Nilidhani ni mila, na kwa kuwa mimi ni msomi sikugonga. Mkwe wake ndiye aliyenifafanulia: anasikiliza mchwa. Mti ulioliwa ndani unatoa mlio mtupu, na kichanja kikivunjika kikiwa na mzigo mbichi, dagaa wote wanaingia mchangani na bei inageuka ya kuku. Upande wa pili, Mayu kila mara alianza kuzunguka vichanja kutoka upande wa ziwa. Hilo niliiga kwa uaminifu, hata kwenye eneo langu ambako ziwa liko upande mwingine kabisa, mpaka siku moja nikamsikia akilalamikia goti. Anaanza upande ule kwa sababu ardhi imeinuka na goti lake la kushoto halipendi kupanda asubuhi.

Kuna jaribio lililofanyika humuhumu ziwani Victoria, kwenye kisiwa cha Ngamba upande wa Uganda, penye hifadhi ya sokwe yatima. Watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha matokeo yake mwaka 2005. Waliwaonyesha sokwe wadogo namna ya kutoa chakula kwenye sanduku kwa kijiti. Baadhi ya vitendo vilikuwa vya kazi, vingine vya bure, kama kuchokoa tundu la juu lisilofika kwenye chakula. Sanduku lilipokuwa jeusi, lisiloonyesha ndani, sokwe waliiga vyote. Lilipokuwa angavu, wakaona wazi kwamba tundu la juu halina maana, wakaelekea kuachana na vitendo vya bure na kwenda moja kwa moja kwenye chakula. Watoto wa Uskoti wa miaka mitatu na minne walipopewa sanduku angavu waliendelea kuiga kila kitu, na cha bure ndani yake.

Ukisikia mara ya kwanza unacheka, sokwe wamewashinda watoto. Mimi nawaona watoto wana busara yao. Binadamu tunafanya mambo mengi ambayo sababu yake haionekani kwa macho, kwa hiyo mtoto anamwamini mkubwa kwanza. Kwa mgeni wa mwaloni kila sanduku ni jeusi. Ushauri wangu: msimu wa kwanza iga kila kitu, na kijiti ukigonge. Kupunguza kutakuja ukishajua kipi ni mchwa na kipi ni goti. Gharama ya kugonga mti bure ni sekunde chache. Gharama ya kutogonga nimeshaieleza.

Nije kwenye kichanja kitupu, maana hicho ndicho kilichonifundisha kuliko vyote.

Tangu nifike, Mayu alikuwa na kichanja kimoja asichokitandaza. Hata siku za mavuno mengi, ndoo zimejaa, watu wanagombea nafasi, kile kilibaki wazi, na chini yake kuna turubai limekunjwa na mti mrefu umelazwa. Nilikiona kila siku. Nilidhani hana mtaji wa kukijaza, nikamhurumia. Nilipotenga pesa za vichanja vyangu viwili, miti, misumari, nyavu chakavu na kibarua vilinila kama elfu tisini, na nilivijaza vyote mpaka ukingoni. Kilikuwa kiangazi, Julai na Agosti, jua la Mwanza linachoma miamba, dagaa wa asubuhi wameanuliwa jioni. Nilijiona nimefuzu. Kila mtu pale alionekana amefuzu. Siku za jua huwezi kumtofautisha fundi na mgeni wa juzi. Wote wanatandaza, wote wanaanua, magunia yanajaa.

Vuli ikaingia. Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, saa nne hivi, upepo ukageuka na wingu likasimama juu ya ziwa. Mwalo mzima ukalipuka. Watu wakakimbilia dagaa wabichi wa asubuhi ile, kwa sababu ndio waliowatolea pesa masaa machache tu yaliyopita na bado kidonda kinauma. Nami nikakimbilia hao hao. Mayu hakukimbia. Yeye na mkwe wake walikwenda kwanza kwa dagaa wa jana, wale waliobakiza saa moja au mbili kukauka kabisa, wakawakusanya na kuwahamishia kwenye kichanja kitupu, tabaka nene kidogo kuliko kawaida. Wakausimamisha ule mti mrefu katikati, wakatupia turubai juu, wakafunga pembe. Maji yakawa yanateleza pembeni na upepo unapita chini. Wabichi wakawaacha wanyeshewe.

Mvua ilipopungua, Mayu akatuma mtoto kwa akina mama wanaokaanga dagaa wa kuuza mtaani. Wakaja na mabeseni, wakachukua wale wabichi mchana uleule, kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia lakini pesa mkononi. Dagaa wake wa jana walimalizia kukauka kesho yake na wakaenda gunia safi. Wangu wa jana, waliokuwa wamekauka nusu, walikunywa maji. Asubuhi walikuwa wanateleza na kunuka, na wale wabichi niliowaokoa kwa kuwarundika chini ya nailoni walikuwa wamejipika kwa joto lao wenyewe. Mwenye kuku alinipa elfu ishirini kwa vyote. Zaidi ya laki moja ya mtaji iliondoka siku ile.

Jioni nilimuuliza Mayu kwa nini hakuniambia habari ya kichanja kitupu. Akashangaa kweli. "Mwanangu, si unakiona kila siku?"

Nilikiona. Ila jicho linafuata mikono, na mikono haikuwa pale. Sehemu kubwa ya ufundi wa Mayu ilikuwa katika asivyofanya: hajazi vyote, hanunui ndoo za mwisho hata zikishuka bei, hageuzi dagaa kabla upande wa juu haujashika ukavu. Huwezi kuiga jambo ambalo halitendeki mbele yako. Lazima uliulize, na swali lake ni gumu kulipata kwa sababu hujui kama lipo. Siku hizi nikienda mahali pageni nauliza, "Hii mbona mmeiacha?" Swali hilo limenipatia zaidi ya "mnafanyaje?" Na kama unapanga kuja kutazama kazi hii, usije Julai. Njoo Novemba au Aprili, mvua zikiwepo, uone nani anakimbilia wapi.

Kuhusu nani wa kumtazama, nitasema haraka. Niling'ang'ania Mayu kwa sababu ndiye aliyekuwa bora, na sijuti, lakini aliyenifaa zaidi ni mkwe wake. Aliolewa pale akitokea Shinyanga, hakuzaliwa ziwani, na alikuwa bado anakumbuka vilivyomsumbua. Mayu hakuweza kuelewa kwa nini mtu ashindwe kumjua dagaa wa usiku wa mapema na wa alfajiri kwa kumtazama tu ndani ya ndoo. Mkwe alijua, kwa sababu naye alishindwa. Akanionyesha kuingiza mkono mpaka chini ya ndoo, kutoa wa chini, kutazama tumbo na kunusa, kwani wa juu kila mara ni wazuri. Mtafute mtu aliyekutangulia kidogo tu.

Na simu je? Alikuja kijana kutoka Sengerema ambaye alijifunza kazi yote kwenye video. Wazee walimcheka. Vichanja vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wote, nasema ukweli. Aliviinamisha kidogo upande mmoja maji ya dagaa yatiririke, na leo watu wawili watatu wamemuiga, mimi nikiwemo. Kilichomtesa ni kwamba video zinaonyesha dagaa wametandazwa na kisha zinaonyesha dagaa wamekauka. Yaliyo katikati yamekatwa, na kazi iko katikati. Hakuna anayerekodi saa ya mvua, anakuwa anakimbia.

Lipo pia ambalo sikutaka kujifunza. Kuna watu huweka dagaa wa mchanga katikati ya gunia na wa kichanja juu na chini. Hakuna shule inayofundisha hilo, hakuna mama anayemwambia binti yake, na bado mabinti wanaolijua niliwaona. Wameliona likifanyika, wakaona gunia limeuzika. Wanunuzi wa Mwaloni Kirumba, hasa wale wanaosafirisha kwenda Kongo, wanajua. Wanazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kutoa senti. Mara moja nilishuhudia gunia likimwagwa sakafuni mbele ya watu na mwenyewe akasimama pale asijue aangalie wapi. Kwa muda fulani mchezo ukapungua mwaloni kwetu. Kisha ukarudi. Mwaka 1965 Bandura alilionyesha hili kwa watoto: walioona mtu akiadhibiwa waliiga kidogo, lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, walikionyesha sawa na wenzao. Adhabu haikuwafutia somo. Kwa hiyo ukichagua wa kukaa karibu naye, chagua na anavyouza. Utakichukua chote, hata ulichokusudia kukiacha. Mimi niliokota kusonya; mwanangu sasa anawasonya wenzake shuleni, nimeshaitwa na mwalimu wake.

Kitu kimoja macho yangu hayakuweza kukifikia hata kwa kukaa: hesabu. Miezi yote niliyokaa na Mayu niliona ndoo zikiingia na magunia yakitoka, niliona noti zikihesabiwa, sikuona faida. Yeye haandiki. Ukiuliza "Unapata ngapi?" ni utovu wa adabu, na jibu ni "Mungu anasaidia." Nilishauriwa na mkwe nisubiri mbalamwezi. Siku mwezi unapong'aa wavuvi wa dagaa hupumzika, vichanja vinabaki wazi, akina mama wanashona nyavu na kubadilisha miti, na midomo inafunguka. Kama una maswali yako, yaweke akiba mpaka siku hizo; asubuhi ya ndoo usimsemeshe mtu.

Nilikwenda na daftari langu, safari hii nikiwa nimeliandika mwenyewe kwanza. Nikamwambia, "Shikamoo Mayu, nisaidie kuangalia kama nimekosea." Nikamsomea gunia moja la kiangazi: ndoo za dagaa wabichi, kibarua wa kubeba, gunia tupu, nauli ya mzigo mpaka Kirumba, ushuru, chakula changu. Nikataja bei niliyouzia na faida niliyopata, nikiwa na fahari kidogo.

Alikuwa anashona wavu. Akauliza, "Wavu uko wapi hapo?" Nikamwambia wavu nilinunua zamani. Akanyanyua ule aliokuwa anaushona, umejaa viraka, akasema huu hauvuki masika ya pili, na kila gunia limekula kipande chake. "Miti je? Turubai je? Na ile siku ya mvua umeigawa kwenye magunia mangapi?" Hivyo ndivyo alivyokuwa anahesabu kichwani miaka yote: kwa kila gunia anatenga sado moja ya dagaa, ile si ya kula wala ya kuuza kwa matumizi ya nyumbani, ni ya wavu, miti na mvua. Nilishawahi kuziona sado hizo zimepangwa kwenye pipa lake na nikadhani ni mboga ya familia.

Tukarudia ukurasa mzima, yeye akitaja na mimi nikiandika. Elfu arobaini na moja niliyokuwa najisifia kwa gunia ilibaki elfu kumi na nane. Mayu akasema hiyo ndiyo ya kweli, nianze nayo, na nisinunue wavu mpya mpaka nijue wa nani unauzwa mwisho wa msimu.